Usugu ni wa Nani? Historia ya Upimaji wa Antibiotiki na Somo Lake kwa Istilahi

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayoletwa mbele ya mwanaistilahi ili ayatolee uamuzi, ni machache yanayoonekana mepesi kama neno sugu. Ni neno letu wenyewe, na kila mtu analijua. Kwanza ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa, kama ile ya kiganja cha mkulima. Kutoka hapo limepanda daraja likawa sifa ya mtu au jambo lisilobadilika kwa urahisi: mwizi sugu, mdaiwa sugu, ugonjwa sugu. Wakati wataalamu wa afya walipohitaji jina la bakteria wasiouawa tena na dawa iliyokuwa ikiwaua, neno lilikuwa tayari mlangoni. Tanzania na Kenya zilipoandaa mipango yao ya kitaifa ya kupambana na tatizo hilo, yote miwili ikianzia mwaka 2017, msemo usugu dhidi ya dawa ulikuwa umekwisha kuzoeleka katika vyombo vya habari.

Hata hivyo, wepesi huo unadanganya. Katika vijitabu na mabango yanayoletwa kwetu ili lugha yake ikaguliwe, tumekutana na sentensi za namna tatu: "mgonjwa amekuwa sugu kwa dawa", "dawa imekuwa sugu", na "bakteria wamekuwa sugu dhidi ya dawa". Kisarufi zote tatu ni safi. Kwa maana, ni ya tatu tu iliyo sahihi. Nazo mbili za kwanza si makosa madogo ya uandishi. Anayeamini kwamba mwili wake ndio ulioizoea dawa ataona ni busara kuupumzisha, aache dozi kabla haijakwisha, au abadilishe dawa kwa shauri la jirani. Tena ataona kwamba jambo hilo ni lake peke yake, wala halimhusu mkewe, mwanawe, au mgonjwa wa kitanda cha pili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jawabu la swali "usugu ni wa nani?" halipatikani kwa kulitazama neno peke yake. Linapatikana kwa kuitazama kazi ya maabara ambayo neno hilo linaitaja. Kwa hiyo tutaifuata kwanza historia ya kazi hiyo, ndipo turejee kwenye maneno.

I. Mfereji katika agari

Kisa cha Alexander Fleming kinajulikana kwa walimu wengi. Mnamo Septemba 1928, katika Hospitali ya St Mary's mjini London, aliona kwamba kuvu lililoangukia kisahani chake cha kuoteshea bakteria limewayeyusha bakteria waliokuwa karibu nalo. Jambo linalosahauliwa ni lile alilolifanya baadaye. Katika makala aliyoichapisha mwaka 1929, Fleming hakutosheka kusema kwamba majimaji ya kuvu hilo, aliyoyaita penisilini, yanaua bakteria. Aliuliza yanaua bakteria gani, na kwa kiasi gani.

Ili kulijibu swali la kwanza alichimba mfereji katika agari, yaani ule ute wa mwani uliogandishwa ambao bakteria huoteshwa juu yake. Akaujaza mfereji huo kwa agari nyingine iliyochanganywa na penisilini, kisha akachora mistari ya bakteria wa aina mbalimbali kutoka ukingoni mwa mfereji kuelekea nje. Wengine waliota hadi ukingoni kabisa, kana kwamba hapakuwa na kitu. Wengine walikoma mbali. Kwa mtazamo mmoja wa macho mtu aliweza kuona nani anashindwa na nani hashindwi.

Ili kulijibu swali la pili aliyazimua majimaji yake mara nyingi katika mchuzi wa virutubishi, kila chombo kikiwa na dawa hafifu kuliko kilichotangulia, akatia bakteria na kungoja. Mchuzi uliochafuka ulionyesha kwamba bakteria wameota. Uliobaki mweupe ulionyesha kwamba wamezuiwa.

Njia hizi mbili, ya dawa kusambaa katika agari na ya dawa kuzimuliwa katika mchuzi, ndizo mama wa karibu njia zote zilizofuata. Msomaji aone tangu hapa kwamba katika majaribio yote mawili hapakuwapo mgonjwa. Walikuwapo bakteria, ilikuwapo dawa, na kilikuwapo kipimo. Mambo hayo matatu ndiyo yanayolijenga neno usugu katika maabara, na moja likikosekana neno halina maana.

II. Usugu waonekana kabla ya tiba

Huko Oxford, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Norman Heatley alibuni njia ya kuipima nguvu ya penisilini kwa vibomba vidogo vilivyosimamishwa juu ya agari iliyopandwa bakteria. Dawa ilitiwa ndani ya kibomba, ikasambaa, na kuzunguka kila kibomba pakaonekana duara la uwazi. Hapo bakteria ndio waliojulikana na dawa ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Baadaye maabara za hospitali ziligeuza swali: dawa ikawa ndiyo inayojulikana, na bakteria wa mgonjwa wakawa ndio wanaopimwa.

Mwaka 1940 Edward Abraham na Ernst Chain, wa kundi hilohilo la Oxford, walitangaza kwamba baadhi ya bakteria hutengeneza kimeng'enya kinachoiharibu penisilini. Mgonjwa wa kwanza wa Oxford kutibiwa kwa dawa hiyo, polisi mmoja, alipewa sindano yake mwezi Februari 1941. Hivyo ushahidi wa usugu ulichapishwa kabla ya tiba yenyewe kuanza. Bakteria wale hawakufundishwa na mwili wa mgonjwa yeyote. Silaha yao walikuwa nayo tayari. Mwaka 1942 Charles Rammelkamp na Thelma Maxon, nchini Marekani, walieleza habari za bakteria aina ya Staphylococcus aureus waliopunguza kushindwa na penisilini katika wagonjwa waliokuwa wakitibiwa.

Takwimu zinazotajwa sana kutoka miaka hiyo ni za Mary Barber, aliyefanya kazi katika hospitali moja ya London. Mwaka 1946 alikuta kwamba kiasi cha asilimia 14 ya bakteria hao waliotoka kwa wagonjwa walikuwa sugu dhidi ya penisilini. Mwaka 1947 walikuwa asilimia 38, na mwaka 1948 wakafika asilimia 59. Maelezo yake ndiyo yanayotuhusu hapa. Ongezeko hilo halikutokana na kila bakteria kujifunza upya usugu wake. Walioshindwa walikufa, wale waliokuwa sugu wakabaki, wakazaana na kuenea kutoka kwa mgonjwa mmoja hadi mwingine.

Fleming mwenyewe, katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwezi Desemba 1945, alitoa mfano wa bwana mmoja wa kubuni aliyeumwa koo. Bwana huyo alijinunulia penisilini, akameza kiasi kisichotosha kuwaua bakteria bali kinachotosha kuwafanya sugu, kisha akamwambukiza mkewe. Mkewe hakutibika na akafariki. Anayesema "mgonjwa amekuwa sugu" hawezi kuueleza mfano huu hata kidogo, kwa kuwa mke hakuwa amemeza kidonge hata kimoja. Kilichohama kutoka kwa mume hadi kwa mke kilikuwa bakteria.

III. Kikaratasi na vurugu yake

Vibomba na mifereji vilikuwa vizito kwa kazi ya kila siku. Kati ya mwaka 1943 na 1947 watafiti kadhaa walionyesha kwamba kikaratasi kidogo cha duara kilicholoweshwa dawa kinatosha. Bakteria wa mgonjwa hupandwa juu ya agari, vikaratasi vya dawa mbalimbali hupangwa juu yake, na kesho yake hutazamwa madaraja ya uwazi yaliyokizunguka kila kimoja. Kufikia miaka ya 1950 njia hii ilikuwa imeenea katika hospitali nyingi za Ulaya na Marekani.

Ilienea, lakini haikusanifishwa. Maabara moja ilitumia vikaratasi vyenye dawa nyingi, nyingine vyenye dawa kidogo. Agari ilitofautiana kwa mchanganyiko na kwa unene. Wengine walipanda bakteria wengi, wengine wachache. Wapo waliosema kwamba uwazi wowote, hata uwe mwembamba namna gani, ni dalili kwamba dawa inafaa. Matokeo yake, bakteria mmoja aliweza kuitwa sugu katika hospital moja na kuitwa mwenye kushindwa katika hospitali ya pili, na wapimaji wote wawili wakawa wametumia macho yao vizuri. Wasomaji wa jarida hili wataitambua hali hiyo bila shida, maana ndiyo hali ya istilahi zetu kabla ya kusanifishwa: kila idara na neno lake, na kila neno na maana yake.

Kwa nini tofauti ndogo ndogo zilileta tofauti kubwa? Duara la uwazi ni matokeo ya mashindano. Dawa husambaa kutoka kwenye kikaratasi ikizidi kuwa hafifu kadiri inavyokwenda mbali, na wakati huohuo bakteria wanaongezeka. Ukingo wa duara ni mahali ambapo bakteria wamekwisha kuwa wengi kabla dawa ya kutosha kuwazuia haijawafikia. Mtu akipanda bakteria wengi mno, duara husinyaa. Akimimina agari nene, dawa hupotelea chini na duara husinyaa pia. Zaidi ya hayo, dawa zenye molekuli kubwa husambaa kwa taabu. Kolistini ni mfano mzuri: hutoa duara dogo ambalo halina habari ya kutegemewa, na kwa sababu hiyo hupimwa katika mchuzi. Ndiyo maana ni kosa kulinganisha kwa rula maduara ya dawa mbili tofauti na kusema kwamba lenye duara kubwa ndiyo dawa kali. Kosa hilo tumeliona katika maandishi ya kufundishia, na halitokani na uvivu wa mfasiri. Linatokana na neno "kubwa" kuachwa lisimame bila kuambiwa kubwa kuliko nini.

IV. Usanifishaji

Juhudi za kuleta utaratibu zilianza pande mbili. Katika Sweden, Hans Ericsson alifanya uchunguzi wa kina kuhusu uhusiano kati ya kipenyo cha duara na kiwango cha dawa kinachohitajika kuwazuia bakteria. Shirika la Afya Duniani nalo lilichapisha mwaka 1961 taarifa ya kamati ya wataalamu kuhusu usanifishaji wa upimaji huu, na uchunguzi wa pamoja wa kimataifa ulioongozwa na Ericsson na John Sherris ukatolewa mwaka 1971.

Upande wa pili ulikuwa Seattle, Marekani, katika Chuo Kikuu cha Washington. Huko mwaka 1966 ilichapishwa makala fupi iliyoweka masharti: kikaratasi kimoja tu kwa kila dawa, chenye kiasi kimoja cha dawa, agari ya aina moja, wingi mmoja wa bakteria, na kipenyo cha duara kupimwa kwa milimita badala ya kukisiwa kwa macho. Waandishi walikuwa wanne: Bauer, Kirby, Sherris na Turck. Mazoea ya maabara yameliita zao lao kwa majina mawili tu, Kirby na Bauer, tena kwa kuyapindua. Mwanaistilahi ataona hapo kwamba hata sayansi, inayojivunia usahihi, huliachia jina lililokwisha kuzoeleka.

Agari iliyochaguliwa ina historia yake. Ilitengenezwa Harvard mwaka 1941 na John Howard Mueller pamoja na Jane Hinton, kwa ajili ya kuotesha bakteria wa kisonono na wa homa ya uti wa mgongo, wala si kwa kupimia dawa. Hinton, binti wa Kimarekani mwenye asili ya Afrika, alihitimu baadaye udaktari wa mifugo mwaka 1949, miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza wa nchi hiyo kufanya hivyo. Jina lake linatamkwa hadi leo katika maabara zinazofanya upimaji huu, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba ni la mtu.

Chama cha kusimamia viwango vya maabara kiliundwa Marekani mwaka 1968, na mwaka 1975 kikatoa kiwango rasmi cha upimaji wa kikaratasi. Masharti yake ya msingi bado yanafuatwa: agari ya unene wa milimita 4, kikaratasi cha kipenyo cha milimita 6, joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi, na muda wa saa 16 hadi 18 kwa bakteria walio wengi. Ulaya ilipata kamati yake ya pamoja mwaka 1997.

V. Mpaka unaohama

Duara limepimwa, tuseme ni milimita 21. Je, bakteria ni sugu? Namba yenyewe haisemi. Ili iseme, wataalamu waliwapima bakteria wengi kwa njia zote mbili, ya mchuzi na ya kikaratasi, wakaona kipenyo gani kinalingana na kiwango gani cha dawa. Kisha wakauliza ni kiwango gani cha dawa kinachoweza kufikiwa katika damu ya mgonjwa, na wagonjwa wenye bakteria wa namna hiyo walipona au hawakupona. Kutokana na hayo wakachora mpaka. Upande mmoja wa mpaka waliandika herufi S, wenye kushindwa. Upande wa pili R, walio sugu. Na katikati I.

Mpaka huo ulichorwa na watu, na watu wanaweza kuuhamisha. Kwa siprofloksasini dhidi ya Escherichia coli, kiwango cha Marekani kilisema hadi mwaka 2018 kwamba duara la milimita 21 au zaidi ni S. Mwaka 2019 kiwango hicho kilirekebishwa: S ikawa milimita 26 au zaidi, na milimita 21 au pungufu ikawa R. Bakteria yuleyule, dawa ileile, duara lilelile, na jibu likageuka. Hapakuwa na udanganyifu. Ujuzi uliongezeka kuhusu dozi na kuhusu wagonjwa walioshindwa kupona. Lakini mfasiri wa taarifa ya afya anayelinganisha usugu wa mwaka mmoja na wa mwaka mwingine bila kutaja kiwango kilichotumika anaweza kuwatangazia wananchi janga lililotokana na rula.

Mwaka huohuo wa 2019 kamati ya Ulaya iliibakiza herufi I lakini ikaibadili maana. Zamani ilimaanisha "wa kati", yaani jibu lenye mashaka. Sasa inamaanisha kwamba bakteria hushindwa, ila kwa sharti la kuongeza kiasi cha dawa kinachowafikia. Aliyekuwa ametafsiri herufi hiyo kwa neno "wa kati" alikuwa sahihi jana, na leo anamfanya daktari aiache dawa ambayo ingefaa.

VI. Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunatoa mapendekezo machache.

Kwanza, usugu uwe wa bakteria daima, na utajwe pamoja na dawa yake: "bakteria hawa ni sugu dhidi ya penisilini". Mgonjwa asiitwe sugu, wala dawa. Msemo ugonjwa sugu ubaki kwa maradhi yanayodumu muda mrefu, kama kisukari. Msemo kifua kikuu sugu umekwisha kuota mizizi na hatuna sababu ya kuung'oa. Bali utumikapo kwa mara ya kwanza uelezwe kwamba wenye usugu ni bakteria wa ugonjwa huo.

Pili, kwa kinyume cha sugu tusitumie kitenzi hisi. Waingereza wenyewe walianza kwa neno lenye maana ya wepesi wa kuhisi, kisha maabara zao zikapendelea lenye maana ya kuweza kudhurika. Sisi hatuna haja ya kuipita njia hiyo ndefu. "Bakteria hushindwa na dawa" ni Kiswahili kinachoeleweka na muuguzi na mgonjwa vilevile.

Tatu, herufi I ifasiriwe kwa kufuata kiwango kilichotumika. Palipotumika kiwango cha Ulaya cha tangu 2019, iandikwe "hushindwa kwa dozi iliyoongezwa". Palipotumika kingine, "wa kati" inaweza kubaki, mradi jina la kiwango na mwaka wake viandikwe.

Nne, neno kipimo limebebeshwa mzigo mwingi mno. Katika kijitabu kimoja tulilikuta likimaanisha kitendo cha kupima, jibu lililopatikana, kiasi cha dawa katika mchuzi na kiasi anachomeza mgonjwa. Tunapendekeza upimaji kwa kitendo, kipimo kwa jibu, kiwango kwa kiasi cha dawa katika mchuzi au damu, na dozi kwa kile anachomeza mgonjwa. Kile kiasi kidogo kabisa cha dawa kinachowazuia bakteria wasiote kiitwe kiwango cha chini cha zuio, na uwazi unaokizunguka kikaratasi uitwe duara la zuio.

Hitimisho

Wataalamu wa Seattle hawakugundua dawa yoyote mwaka 1966. Walichofanya ni kukubaliana unene wa agari, wingi wa bakteria na namna ya kushika rula, ili neno moja likitamkwa katika hospitali mbili liwe na maana moja. Kazi ya mwanaistilahi haiko mbali na hiyo. Tofauti ni kwamba wao walikuwa na visahani vya kuwaumbua kesho yake asubuhi walipokosea. Sisi kosa letu husafiri kimya ndani ya bango hadi nyumbani kwa mtu, naye huacha dozi siku ya tatu kwa sababu tumemwambia kwamba mwili wake umekuwa sugu.

Maoni ya wafasiri, walimu na hasa wahudumu wa maabara kuhusu mapendekezo haya yanakaribishwa, ili yajadiliwe kabla maneno haya hayajapitishwa kuwa sanifu.